Rolakosta Inakuja, Kaeni Mkao wa Kupanda

Jamani, hapa duniani kuna watu wameruhusiwa kuahidi. Sisi wengine haturuhusiwi. Mimi nikisema nitapigilia rafu ya jikoni mwisho wa mwezi, mwezi ukiisha tu naitwa kwa majina yangu yote matatu, la ukoo likiwemo, na kikao cha familia kinaketi. Lakini mtu mzima mwenye suti na tai anasimama mbele ya kamera, anavuta kitambaa, chini ya kitambaa kuna mchoro wa rolakosta, anasema itafunguliwa baada ya miaka miwili, watu wanapiga makofi. Inapita miwili, inapita mitano, inapita kumi. Hakuna hata nguzo. Na hakuna aliyemwita kwa jina la ukoo.

Kwa wasioijua, rolakosta ni ile treni ya kwenye bustani za burudani inayovutwa kwa mnyororo mpaka kileleni, kra-kra-kra-kra, halafu inaachiwa. Nyingi zikishaachiwa hivyo hazina injini yoyote. Zinashuka kwa uzito wao na ninyi mkiwa ndani, na mmelipia. Mimi na hizo zilizojengwa hatuna ugomvi. Zipo, anayetaka kupiga mayowe akapige. Ugomvi wangu ni na hizi zilizotangazwa zikaishia kwenye karatasi, kwa sababu mpwa wangu amezikariri zote, na saa yake ya kunisimulia ni pale nimeshavua viatu.

Tuanze na joka, maana joka ndilo lililoniuma.

Mwaka 1998 Disney walifungua bustani ya wanyama kule Florida, wanaiita Disney's Animal Kingdom. Wazo lilikuwa iwe na wanyama wa aina tatu: walio hai, waliotoweka zamani, yaani dinosaria, na wale ambao hawakuwahi kuwepo isipokuwa kwenye hadithi. Hawa wa mwisho walipangiwa mtaa wao, Beastly Kingdom, na ndani ya mtaa kungekuwa na rolakosta ya Dragon Tower. Gofu la ngome, ndani yake joka linalotema moto limelalia hazina, na popo wanaokushawishi wewe mgeni mwende mkaiibe pamoja. Hebu angalia hapo. Umelipa kiingilio, umesimama foleni, umefungwa mkanda, halafu unaandikishwa kwenye genge la popo. Ningepanda, nisiwe mnafiki.

Fedha hazikutosha kujenga kila kitu, ikabidi wachague, wakachagua dinosaria. Joka likaambiwa lingoje awamu ya pili. Awamu ya pili naijua mimi. Ndiyo ile fundi anayokuachia ukutani, tundu la kupitisha mkono, akisema "hapo tutamalizia tukirudi", na simu yake ikaanza kuita bila kupokewa.

Kinachokera ni kwamba joka lilikuwa limeshatanguliza mizigo. Kwenye nembo ya bustani limo, limesimama na wenzake. Kichwa chake kiliwekwa kwenye vibanda vya tiketi pamoja na vichwa vya wanyama wengine. Kando ya mto wa humo ndani kulikuwa na pango lililotoa moto mashua za wageni zikipita, kana kwamba mwenyewe yumo anapika. Na sehemu ya kuegesha magari wakaipa jina la Unicorn, yule farasi wa pembe moja ambaye naye alikuwa wa mtaa huohuo. Kwa hiyo kuna baba wa watu ameegesha gari kwa farasi asiyekuwepo, amenunua tiketi chini ya kichwa cha joka, ameingia na wanawe kulitafuta, akakutana na Mickey Mouse kambini. Maana kiwanja kile walikizibia pengo kwa kambi ya Mickey na Minnie, eti ya muda. Ya muda hiyo ikakaa mpaka 2014. Halafu 2017 wakapewa viumbe warefu wa rangi ya bluu wa filamu ya Avatar, mtaa ukaitwa Pandora, wakajenga mpaka milima inayoelea. Joka halikuulizwa. Ningekuwa mimi ningefungua kesi ya ardhi.

Haohao Disney, Novemba 1993, walitangaza bustani nyingine huko Haymarket, jimbo la Virginia, iitwayo Disney's America, ya kufundisha historia ya Marekani. Humo mlikuwa na mpango wa rolakosta iitwayo Industrial Revolution. Ingekupitisha kwa kasi ndani ya kiwanda cha chuma cha zamani, ukikwepa chupuchupu pipa la chuma kilichoyeyuka. Sasa mimi nauliza. Mtu nimetoka kazini, mgongo unauma, bosi amenisema mbele ya watu, nikachukue akiba yangu nikalipe kiingilio ili niingizwe kiwandani? Tena kiwanda ambacho mshahara sipokei, natoa! Kama ni kuhatarisha maisha karibu na moto mbele ya msimamizi anayepiga kelele, wengi wetu tunafanya hivyo Jumatatu mpaka Ijumaa bila kupigwa picha ya ukumbusho.

Wenyeji walipinga, wakahofia msongamano wa magari. Wanahistoria nao wakaja juu, kwa sababu uwanja wa vita wa Manassas, palipomwagika damu mara mbili katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, uko jirani pale. Septemba 1994 Disney wakakunja jamvi. Hawakufikisha hata mwaka. Huo kwangu ni ustaarabu: umeona haiwezekani, umesema haiwezekani, watu wameendelea na maisha yao.

Uingereza ni kinyume. Kule kuna rasi inaitwa Swanscombe, mkoa wa Kent, kando ya mto Thames. Mwaka 2012 ukatangazwa mradi wa bustani kubwa, baadaye ukaitwa London Resort. Michoro ikatoka. Tarehe ya kufungua ikatoka, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo akaanza shule, akang'oka meno, akaota mengine. Kisha mwaka 2021 wakala wa serikali wa uhifadhi wa mazingira akalitangaza eneo lile kuwa la kulindwa, na miongoni mwa wakazi wa kulindwa alikuwepo buibui mmoja mdogo, milimita chache tu, ambaye Uingereza nzima amejulikana katika sehemu mbili tu. Machi 2022 wenye mradi wakaondoa maombi yao ya kibali.

Mabilioni ya pauni yamepangwa, wahandisi wamechora, mawakili wameandika, na upande wa pili amekaa buibui. Hajaajiri mtu. Hana hata barua pepe. Mimi nimewahi kuandika barua ya malalamiko kurasa mbili kuhusu mtaro mbovu, nikajibiwa kwamba faili halionekani, na mdudu yule kwa kuishi tu amesikilizwa. Na huyo buibui ni wa jamii ya wanaoruka. Yaani kwenye bustani nzima iliyoahidiwa, kivutio pekee cha kuruka kilichopo ni yeye, na kilikuwepo kabla.

Michoro hiyo nayo tuiseme kidogo, kwa sababu ndiyo inayotuponza. Umewahi kuiangalia? Jua limetoka. Foleni hakuna. Watu wote wembamba, wote wamenyoosha mikono juu, hakuna mtoto anayelia, hakuna mzee anayeuliza choo kiko wapi, hakuna aliyeshika mkoba wa watu wanane ili wenzake wapande. Mimi ndiye huwa nashika mikoba. Kwenye mchoro hata mmoja sijajiona.

Kuna ya banda la Japani pale EPCOT, bustani nyingine ya Disney huko Florida, nayo kwa kifupi. Walifikiria kujenga mfano wa Mlima Fuji na kupitisha rolakosta ndani yake. Haikujengwa, na hadithi inayosimuliwa na mashabiki ni kwamba mfadhili Kodak hakupendezwa na mlima wenye jina la mshindani wake wa filamu za kamera. Kama ni kweli, basi mlima uliokuwepo kabla hata ya kamera kubuniwa umeponzwa na jina. Tuendelee.

Las Vegas walitaka zaidi. Mnara wa Stratosphere uliofunguliwa 1996 una mita 350, na juu kabisa waliweka rolakosta kweli. Haikuwatosha. Kulikuwa na mpango wa sokwe King Kong apande na kushuka kwenye mguu wa mnara akiwa amebeba abiria tumboni. Haikuwa. Baadaye wakaja na treni ya kushuka ubavuni mwa mnara, ivuke barabara ya Las Vegas Boulevard, irudi. Wakazi wa karibu wakapinga, halmashauri ya jiji ikakataa. Hawa wakazi nawaelewa kabisa. Jirani yangu ana spika mbili tu na mimi nimeshahama chumba cha kulala. Sasa upewe jirani mwenye treni ya mayowe, na kila baada ya dakika chache watu wapya wanapita dirishani wakimwita mama yao.

Mmoja tu katika habari hizi zote ninampigia saluti, naye ni John Wardley, mbunifu wa rolakosta wa bustani ya Alton Towers, Uingereza. Bustani ile hairuhusiwi kujenga kitu kinachozidi miti kwa urefu, kwa hiyo kazi ilikuwa ngumu toka mwanzo. Wakapata mpango na kampuni ya Arrow ya Marekani, rolakosta ambayo treni yake inapita katikati ya reli badala ya juu yake, ikijiviringisha humo. Mpango wakauita Secret Weapon, yaani silaha ya siri, kisha ukatoka wa pili. Arrow walikuwa wamejenga kipande cha majaribio kiwandani kwao Utah. Wardley akafunga safari akaipanda mwenyewe. Akashuka, akaona ni nzito, inakwenda taratibu, haina raha. Basi. Ikaishia hapo, na Arrow hawakuuza hata moja ya aina ile.

Unaona raha ya kuonja kabla ya kupakua? Wakageukia wazo la tatu, wakalipua mwamba kwenda chini kwa vile kwenda juu walikatazwa, na mwaka 1994 ikafunguliwa Nemesis ambayo watu wanaililia mpaka leo. Mimi ningependa yeyote anayepanga foleni za benki, viti vya ofisini na fomu za kurasa sita apelekwe kwanza akakae mwenyewe humo, tumsubiri nje tumuulize.

Sasa tufike kwa baba lao. Orlando, Florida, mwaka 2014, ilitangazwa rolakosta iitwayo Skyscraper. Mnara wa zaidi ya futi 500, mita 150 na ushee, na reli imeviringishwa mnarani kama uzi kwenye pia. Ujanja wake ni kwamba haili ardhi. Badala ya kutambaa inapanda. Ingekuwa ndefu kwenda juu kuliko zote duniani. Ifunguliwe 2016. Halafu ikasemwa 2017. Halafu ikawa ile "hivi karibuni" ambayo kila mpangaji anayesubiri dhamana yake irudishwe anaifahamu.

Jirani wao, Universal, alipinga. Watu wazima wakaenda mbele ya makamishna wa kaunti, wakabishana, na Desemba 2015 mradi ukapitishwa. Ukapitishwa! Vibali vipo, kiwanja kipo, jina lipo, maadui wapo. Kilichokosekana ni rolakosta. Nimeona harusi za namna hiyo, kamati imekutana mpaka imechoka na bwana harusi bado anatafutwa, ila hizo angalau watu walikula.

Na mwisho wake unachekesha, kama una moyo wa kucheka. Rekodi iliyotaka kuvunjwa ilikuwa ya Kingda Ka, kule New Jersey, futi 456, iliyofunguliwa 2005. Ile ilijengwa kweli. Ikachakaa, ikaharibika, ikatengenezwa, ikafungwa, na Februari 2025 wakaitegea baruti wakaiangusha chini. Skyscraper haina ufa. Haijawahi kukwama na watu juu. Haijawahi kufungwa kwa sababu ya radi, rangi yake haijachubuka, hakuna aliyetapikia viti vyake. Kwa kumbukumbu zake za usalama, ni ya kuigwa.

Ndiyo maana mpwa wangu aliponijia juzi, "Mjomba, likizo hii twende tukapande moja ya kweli", nilimuuliza kwanza ina futi ngapi. Akasema sitini. Nikamwambia, mwanangu, mtu aliyejiandaa kwa futi 500 huwezi kumshusha mpaka sitini, ni kumvunjia heshima. Mimi nasubiri ya Orlando. Ikifunguliwa, siti ya mbele ni yangu, na mikoba atashika mwingine.

Akanitazama. "Mjomba, unaogopa?"

Nikamwambia akamsaidie mama yake vyombo.