Mmoja kashika nafasi tatu, mwingine anasubiri: udahili wa vyuo vikuu Tanzania

Kila msimu wa udahili, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa majina ya waombaji waliochaguliwa na chuo zaidi ya kimoja. Kijana mwenye ufaulu wa juu anaweza kuwa amepata udaktari Muhimbili, Dodoma na Bugando kwa mpigo. Hadi athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, nafasi mbili zinakaa bure, na mwenzake mwenye pointi pungufu kidogo anaambiwa asubiri awamu ya pili.

Kuanzia 2010 hadi 2017 mambo yalikwenda vingine. Maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU: unaorodhesha kozi kwa kadiri unavyozipenda, unapangiwa moja, basi. Hapakuwa na kushikilia nafasi. Kulikuwa na manung'uniko, tena mengi, ya watu kupelekwa kozi na vyuo ambavyo mioyo yao haikuwepo. Serikali ikauvunja utaratibu huo, kila mmoja akaombe chuoni moja kwa moja.

Wanaoutetea utaratibu wa sasa wana hoja. Kuchagua chuo si pointi tu; kuna ada, kuna ndugu wa kukupokea mjini, kuna mkopo. Na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) kwa kawaida hutangazwa baada ya muda wa kuthibitisha awamu ya kwanza kupita, kwa hiyo anayeshikilia nafasi tatu huenda hana tamaa yoyote, ana hofu tu. Ila uhuru huu una bei. Vyuo vingi vina ada yake ya maombi, hivyo mtoto wa mwenye nacho anaomba vyuo vitano, wa mkulima anaomba kimoja na kuomba Mungu.

Kenya walibaki na upangaji wa pamoja, kupitia KUCCPS, chombo cha kuwapangia wanafunzi vyuo, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Huko nako wapo wasioridhika, na baada ya kupangwa hufunguliwa dirisha la kuhama chuo. Foleni haikufutika, ilisogezwa mbele.

Kwangu, ubishi wa mfumo mmoja au vyuo vingi umepitwa. Ili kugundua majina yaliyojirudia, TCU tayari inapokea orodha za vyuo vyote. Inachokosa ni mpangilio wa mwombaji mwenyewe. Vyuo viendelee kuchagua, mwombaji aseme mapema kipi cha kwanza, nafasi zilizobaki zishuke kwa wanaofuata siku hiyo hiyo.

Kikwazo kinabaki mkopo: Bodi inataka kujua umedahiliwa wapi, nawe unataka kujua mkopo kabla ya kuamua. Ndiyo maana ningeanza na kozi zinazojaa haraka, udaktari na ufamasia, na kuziacha nyingine zilivyo.