Dirisha Moja Lina Watu Watano, Wewe Unamuona Mmoja

Basi likisimama mpakani lazima apatikane abiria mmoja, mara nyingi yule aliyekaa kiti cha nyuma kabisa na kwa hiyo ndiye wa mwisho kwenye foleni, anayepaza sauti: "Madirisha yote haya, anayefanya kazi mmoja! Wengine wako wapi?" Na basi zima linaguna kwa pamoja. Kuguna ndiyo lugha pekee ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki haijawahi kubishania.

Haya, mlalamikaji, shika mzigo wako vizuri nikupigie hesabu.

Wiki ina saa 168. Dirisha la mpaka unaofanya kazi usiku na mchana halilali hata moja kati ya hizo. Tuseme mtumishi anafanya kazi saa 45 kwa wiki. Gawanya: unapata watu 3.7. Huyo 0.7 usiniulize ni nani, labda ndiye yule uliyemuona pembeni na kikombe cha chai. Hapo hatujatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka, hatujatoa mafunzo, homa, uhamisho ambao aliyeondoka kaondoka na aliyepangwa kuja hajafika, wala msiba wa shangazi. Na shangazi wa mtumishi wa mpakani hafi karibu, ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Ukijumlisha yote, dirisha moja linakula watu watano. Watano kwenye karatasi ya mishahara, ili wewe umuone mmoja anayepiga miayo.

Sasa fungua madirisha manne tu, mawili ya kutoka na mawili ya kuingia. Hao ni watu ishirini, na hatujaweka msimamizi wala mtu wa kumhoji yule kijana mwenye pasipoti ambayo picha yake inafanana zaidi na kaka yake. Tena hao ni Uhamiaji peke yao. Kuna forodha, afya, kilimo, mifugo, viwango, polisi, na kila mmoja ana ofisi yake, mhuri wake, na likizo zake.

Halafu tukaletewa kituo cha pamoja. Namanga walikizindua Rais Magufuli na Rais Kenyatta Desemba 2018, na sheria yake ya Jumuiya ni ya mwaka 2016. Ni kitu kizuri, sikatai. Zamani ulikuwa unashuka upande wa kwanza, unapanga foleni, unapanda basi, basi linakwenda mita mia chache, unashuka tena, unapanga foleni tena nyuma ya watu walewale, ila sasa wana njaa zaidi. Siku hizi basi la kutoka Arusha linapita jengo la Tanzania bila kusimama, linakwenda kusimama jengo la Kenya. Mle ndani unamkuta ofisa wa Tanzania anakugongea kutoka, na hatua chache mbele yake ofisa wa Kenya anakugongea kuingia. Ukirudi, ni kinyume chake.

Watu wengi wanadhani hapo watumishi wamepungua. Wapi! Kilichopungua ni kushuka kwako kwenye basi. Maofisa wa Tanzania waliokuwa wanagonga kutoka na kuingia katika jengo moja, ambao usiku wa manane wangeweza kuruka kutoka dirisha hili kwenda lile wakisaidia huku na huku, sasa wamegawanywa: wa kuingiza wamebaki nyumbani, wa kutoa wamehamia kwa jirani. Majengo mawili, wasimamizi wawili, birika mbili za chai. Ukiishiwa mtu upande huu huwezi kumvuta wa kule kirahisi, yuko nchi nyingine yule. Msafiri kapunguziwa kituo, mwajiri kaongezewa.

Na foleni yenyewe haiji kwa mgao. Ingekuja kwa mgao, mtu mmoja kila dakika tatu tangu alfajiri mpaka jioni, madirisha mawili yangetosha na maofisa wangepata hata muda wa kusoma gazeti. Lakini mabasi yote yanaondoka mjini asubuhi, kwa hiyo yote yanafika mpakani wakati mmoja, kisha baada ya hapo kimya mpaka unasikia inzi. Chukua basi la watu 50, dakika mbili kila mtu kutoka na dakika mbili kuingia, dirisha moja moja. Mtu wa kwanza anamaliza kwa dakika nne na anakwenda kununua mahindi ya kuchoma. Wa hamsini anamaliza dakika ya 102, na mahindi yamekwisha. Weka madirisha mawili mawili, inashuka hadi dakika 52. Yakifika mabasi matatu pamoja, hata na hayo mawili mawili, unasimama saa mbili na nusu. Na konda alishasema pale mlangoni: "Dakika kumi tu, jamani!"

Hapo bado hajatokea mheshimiwa mmoja mbele kabisa anayehitaji viza, hajui anafikia hoteli gani, kadi yake ya benki inakataa, na noti ya dola aliyonayo ni chakavu. Akila dakika nane za ziada, na wewe wa nyuma umezila hizohizo. Wakiwa 49 nyuma yake, hizo ni dakika 392, yaani saa sita na nusu za binadamu zimekwenda kwa sababu ya jina la hoteli.

Na mtandao unasumbua. Hili ndilo mlalamikaji wa kiti cha nyuma huwa hataji. Ofisa wa zamani alikuwa na mhuri, wino na daftari. Alikuwa anagonga huku anakuuliza habari za mvua. Wa leo anaskani pasipoti, mfumo unatafuta jina, unachukua picha, na kwa mgeni alama za vidole. Vidole vya mkulima na fundi mwashi vimelika, mashine haivioni, ofisa anamwambia afute jasho, aweke tena, akandamize, alegeze. Mtandao ukikatika, hata ukileta kikosi kizima mle ndani watakaa wanaangalia duara likizunguka kwenye kioo. Kwa hiyo kabla hujaomba waongezwe watu kumi, omba jenereta linalowaka lenyewe na njia ya pili ya intaneti. Ni nafuu, na havina shangazi.

Tukisema watu waongezwe, tatizo si kukosekana kwa wanaotaka. Juni 2014 zilitangazwa nafasi 70 za Uhamiaji Tanzania, wakajitokeza waombaji zaidi ya 10,000, usaili ikabidi ufanyike Uwanja wa Taifa. Watu wamejaa majukwaani na vyeti mkononi kama wanasubiri Simba na Yanga, ila hapa wachezaji ni wao.

Marekani sasa. Mpaka wake na Meksiko ni zaidi ya kilomita 3,100, na askari wa doria wa mpakani ni kama 19,000. Januari 2017 Rais Trump akaagiza waongezwe 5,000. Ikakodiwa kampuni ya kutafuta watu. Mwishoni mwa 2018 mkaguzi mkuu wa wizara akaangalia vitabu: kampuni imekwishalipwa dola milioni 13.6, na waliokubali ajira kupitia kwake ni wawili. Wawili! Kwa bei hiyo wangetuazima jukwaa moja tu la Uwanja wa Taifa, hata lile la jua. Lakini kule mwombaji anapitishwa kwenye mashine ya kupima uongo, sheria ya tangu 2010, na kuna kipindi karibu theluthi mbili walikuwa wanaanguka hapo. Ukitaka mlinzi msafi unampata mmoja mmoja, ukitaka wengi unapata na wale watakaokula na mlango. Hilo halijapata dawa hata kwa dola.

Turudi kwetu. Tunduma na Nakonde kuna kichekesho ambacho hakihitaji hata upungufu wa watu. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia. Tunduma saa mbili asubuhi, ng'ambo ya barabara ni saa moja. Tuseme kila upande una zamu ya mchana ya saa 12, kuanzia alfajiri mpaka jioni kwa saa yake. Saa ambazo wote wawili wako kazini ni 11 tu. Asubuhi huyu amekaa anamsubiri yule, jioni yule amekaa huyu keshakwenda kula. Lori limebeba shaba kutoka Kongo, limevuka Zambia nzima, linakuja kukwama kwenye akrabu ya saa. Ndiyo maana zamu za pande mbili zinatakiwa zipangwe kwa saa moja iliyokubaliwa, na iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Halafu kuna mama wa vitunguu. Mzigo wake hauzidi thamani ya dola 2,000, kwa hiyo Jumuiya imemrahisishia: cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, kinajazwa palepale mpakani, ushuru wa forodha hakuna ikiwa bidhaa imo kwenye orodha. Anafurahi. Kisha anaambiwa: na cheti cha afya ya mimea? Anakwenda ofisi ya kilimo. Ofisa wa mimea kwenye vituo vidogo anaweza kuwa mmoja, na leo yuko shambani kukagua parachichi za mtu mwingine, au yuko likizo ambayo ni haki yake. Vitunguu havina likizo, vinaota. Uhamiaji wawe ishirini, mabawabu wawe thelathini, mzigo utatembea kwa kasi ya yule mmoja ambaye hayupo. Anayehesabu watumishi wa mpakani kwa jumla anahesabu tairi za gari akasahau kuangalia kama usukani upo.

Ndiyo hapo kijana wa bodaboda anamnong'oneza: "Mama, njia iko."

Njia za panya nazo zina hesabu yake. Mpaka wa Kenya na Tanzania ni kama kilomita 770, Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, mstari umenyooka isipokuwa walipoukunja kuuzunguka Kilimanjaro. Weka kibanda kila kilomita tano: vibanda 154. Askari wawili kila kibanda, usiku na mchana, kwa ile hesabu yetu ya watano: watu 1,540, kwa jirani mmoja, na Tanzania ina majirani wanane. Hapo hujapeleka maji, mahema wala redio. Ukiamua badala yake wapande gari, Land Cruiser porini inakula lita moja kwa kilomita tano au sita. Doria ya kilomita 100 kwenda na 100 kurudi ni lita 33 hadi 40, na keshokutwa inatakiwa nyingine. Askari kumi bila mafuta wanalinda kivuli cha mwembe wa kituoni. Afadhali wanne wenye tangi lililojaa, tena wasiotoka saa ileile kila siku, maana kijana wa bodaboda naye ana saa. Lakini mwisho wa yote, njia ya panya inapungua pale dirisha la halali linapokuwa jepesi. Mama wa vitunguu hapendi kichaka, ana miiba.

Kwa hiyo watumishi wanatosha? Hawatoshi. Ila ukinipa mimi nafasi kumi za kuajiri sizirundiki zote kwenye kugonga mihuri. Wanne nawaweka zamu ya asubuhi mabasi yanapokutana, wawili wa mimea ili mmoja akienda shambani mwingine abaki, mmoja wa mitambo anayelala palepale, na waliobaki doria pamoja na mafuta yao.

Wewe abiria huna mamlaka ya kuajiri, lakini dakika zako mbili ni mali yako. Pasipoti itoe kwenye mfuko wa ndani kabla hujafika dirishani, si ukiwa dirishani. Jua unafikia wapi na namba ya simu ya mwenyeji wako. Ukitoka Kenya kuingia Tanzania utaulizwa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano; sindano inahesabika baada ya siku kumi, usiende kuchoma jana yake, na tangu 2016 ni ya maisha, kwa hiyo usikubali kuambiwa imeisha miaka kumi. Ukiwa na gari lako kuna kadi ya njano nyingine, ya bima, ile ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilishatoka COMESA tangu 2000 lakini kadi tukabaki nayo, kama mtalaka aliyeondoka na sufuria. Usimwoneshe daktari bima ya gari ukamwoneshea wa bima mkono uliochanjwa. Wote wawili wamechoka.

Na kalamu beba yako. Ile ya kaunta imefungwa uzi ili isiibwe, na uzi haufiki mahali pa kujazia fomu.