Hita ya Baba Neema

Sisi watu wa Dar hita hatuijui. Ile swichi yenye rangi nyekundu kwenye gari nilidhani ni pambo, hadi Julai mwaka jana tulipokwenda Njombe kwa wakwe.

Kitonga tuliipanda vioo vikiwa wazi. Kufika Makambako, saa mbili usiku, zimebaki kilomita kama 60, mke wangu akasema, "Baba Neema, washa hita, mtoto anatetemeka."

Nikazungusha swichi kwa madaha, kama rubani. Upepo ukaja, wa baridi. Nikaongeza feni. Ukaja mwingi zaidi, na baridi yake ikazidi. Nikaipiga dashibodi ngumi, maana ndio ufundi wangu wote wa magari, na ndani ya droo kitu kikajibu: kole-kole-kole.

"Umesikia? Feni imevunjika," nikatangaza.

Njombe tuliingia mtoto kaviringishwa kitenge, mama yake kajitanda taulo, na mimi nashika usukani nimevaa soksi mikononi.

Asubuhi baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, akatoka na koti lake zito. Feni hata hakuigusa. Akawasha injini, tukaisikiliza weee, kisha akaninyooshea kidole mshale wa temprecha. Umelala chini.

"Siku zote unakaa hapo?"

"Siku zote, baba! Hii gari haijui kuchemka."

"Haijui kuchemka," akarudia taratibu, kama hakimu. "Sasa hita itoe wapi moto?"

Ikabidi niungame. Mwaka juzi gari lilichemka kwenye foleni, fundi mmoja chini ya mwarobaini akachomoa kidude fulani, akasema thamostati ni ya Ulaya, Dar haina kazi. Nikamlipa, na hela ya soda juu. Mzee akatikisa kichwa. Kumbe kidude hicho ndicho kinachoyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kupoozwa hadi injini ifike nyuzi 80 hivi. Kisipokuwepo, maji yanapoozwa muda wote, na hita inategemea maji hayohayo.

"Alikitupa?"

Nikafungua droo ya dashibodi. Kole-kole-kole.

Mzee akakigeuzageuza, akakipuliza vumbi. Akasema tukipime kwanza kwenye maji ya moto. Kikifunguka, ni kizima. Jikoni tukakuta sufuria mafigani, maji yanatokota, mtu hayupo. Tukakitumbukiza, tukaenda kutafuta spana.

Kurudi, kidude kimeachama vizuri kabisa, kizima. Mama mkwe naye yuko juu yake, mwiko mkono mmoja, bakuli la unga mkono wa pili.

"Baba Neema," akaniuliza kwa upole, "hii mboga yenu ya Dar, inaiva kwa muda gani?"