Anwani za seva: DHCP au mkono? Delestaji nayo ina usemi

Fundi mmoja atakuambia kwamba seva haiombi anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao: huandikiwa kwa mkono, ikabaki nayo. Mwingine atasema kuandika anwani kwa mkono kwenye mashine ishirini ni kujitafutia makosa. Wote wana haki, ila hawazungumzii saa ile ile ya maisha ya seva.

Siku ya kusimika mashine, DHCP haina mpinzani. Seva isiyo na kitu kwenye diski huita mtandao mzima kwenye mlango wa UDP 67, ikajibiwa kwenye 68: anwani, ruta ya kutokea, DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) na, kwa njia ya PXE, yaani kuwasha mashine kupitia mtandao, seva ya TFTP inayotoa mafaili pamoja na jina la faili la kuwashia. Kosa la kawaida liko kwenye faili hilo. Mashine za mitumba zenye BIOS (programu ya zamani ya kuwashia) hutaka pxelinux.0, za UEFI (iliyoirithi) hutaka faili la .efi. Ukizipa zote faili moja, baadhi zitapata anwani kisha zikwame, nawe utamaliza asubuhi ukikagua kebo zisizo na kosa. Ipange DHCP isome chaguo namba 93, ambamo mashine hutaja aina yake: 0 ni BIOS, 7 kwa kawaida ni UEFI ya biti 64.

Baada ya hapo ndipo hoja ya mkono inapata nguvu, hasa Lubumbashi. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikiisha, kila kitu huwaka kwa pamoja. Seva ya DHCP yenye diski nyingi huchukua dakika kadhaa kuamka. Wenzake wameshaomba, wamekosa, na baadhi wamejipa anwani za 169.254 zisizofika popote. Swichi nayo ikiwa na spanning tree (kinga dhidi ya mizunguko ya mtandao) ya kawaida hufunga kila mlango kwa sekunde 30 hivi, na kadi nyingine za PXE hukata tamaa kabla. Washa portfast, inayoruka kusubiri huko, kwenye milango ya seva, lakini usiiguse ile inayounganisha swichi na swichi.

DHCP hukodisha anwani kwa muda, na wengine hudhani muda mrefu wa kukodi ni dawa. Ni nusu ya dawa. Ukiweka sekunde 43200, yaani saa 12, mashine hujaribu kuhuisha baada ya saa 6, na ikikosa, kwenye saa 10 na nusu huuliza seva yoyote ya DHCP. Kwa hiyo DHCP ikifa kwa muda wa saa tano, mashine zinazofanya kazi hazitatikisika. Iliyozimika ni habari nyingine, kwa sababu ikiwaka huomba tena.

Kwa maoni yetu, ruta, DNS, hifadhi ya data na DHCP yenyewe ziandikwe kwa mkono. Seva nyingine zitengewe anwani kwa MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Katika 192.168.10.0/24, acha .1 hadi .19 kwa za mkono, .20 hadi .60 kwa zilizotengwa, .100 hadi .199 kwa wageni na usimikaji. Kadi ya mtandao ikiungua na kubadilishwa, MAC hubadilika na seva huibukia kwenye .100 huko, kwa hiyo kila MAC iandikwe daftarini.

Kuhusu programu, ISC DHCP, programu ya seva ya DHCP, iliacha kutunzwa mwishoni mwa 2022, na mrithi wake ni Kea. Faili lake ni la JSON: koma moja ikikosekana, haiwaki. Lipime kwa `kea-dhcp4 -t` ikifuatwa na jina la faili kabla ya kuiwasha upya. Kwa ofisi yenye seva nne, programu ndogo ya dnsmasq inatosha, maana DHCP na TFTP zimo ndani yake.

Lakini mipango yote hiyo huharibiwa na ruta ndogo ya Wi-Fi ambayo mtu ameichomeka kinyume, kwenye mlango wa LAN, nayo ikaanza kugawa anwani zake. Usipowasha DHCP snooping kwenye swichi, inayozuia majibu ya DHCP kutoka milango isiyoruhusiwa, atakayejibu kwanza ndiye atakayesikilizwa.