Kilichoziangusha rilei si mwendo wake

Historia nyingi za kompyuta hupita kwa haraka kwenye mashine za rilei, yaani kompyuta zilizohesabu kwa swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Msomaji huonyeshwa ulinganisho mmoja tu: ENIAC, kompyuta ya Marekani ya mwaka 1945 yenye valvu zipatazo 18,000 (bomba za kioo zinazowasha na kukata umeme bila kitu kusogea), ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde, ilhali Model V ya Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, iliyokamilika mwaka mmoja baadaye ikiwa na rilei zaidi ya 9,000, ilihitaji takriban sekunde 0.3 kwa jumlisho moja. Tofauti ni mara 1,500. Basi, rilei zilikuwa njia isiyofika popote, twende kwenye valvu.

Takwimu hiyo ni sahihi, ila inapima tendo moja la hesabu. Haituambii ni majibu mangapi ya kuaminika yalitoka kwenye mashine kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu, na hilo ndilo alilotaka kujua mhandisi aliyepeleka kazi yake pale.

Rilei tunazo mpaka leo. Ule mlio wa "tak" unaousikia kwenye kilinda friji umeme unapoyumba ni rilei. Koili ya waya wa shaba imezungushwa kwenye kiini cha chuma. Umeme ukipita, kiini kinakuwa sumaku, kinavuta ulimi wa chuma, ulimi unasukuma springi, na ncha za springi, zile ambazo fundi wa magari angeziita platini, zinagusana au kuachana. Kuifanya ihesabu hakuhitaji muujiza. Chukua taa ya ngazi yenye swichi mbili, moja chini na moja juu: ukibadili moja, taa inawaka, ukibadili na ya pili, inazima. Badala ya vidole weka koili, na tayari umepata tarakimu ya mwisho ya jumlisho la biti mbili (biti ni tarakimu ambayo ni 0 au 1 tu). George Stibitz wa Bell Labs alitengeneza kitu cha aina hiyo mezani jikoni kwake Novemba 1937, na mwaka huohuo Claude Shannon, mwanafunzi wa chuo cha MIT, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba saketi yoyote ya rilei inaweza kuandikwa kwa aljebra ya Boole, ile ya kweli na si kweli.

Tatizo kubwa la kila siku lilikuwa vumbi. Chembe moja ikikaa kati ya ncha mbili, umeme haupiti, hesabu inaharibika, halafu mtikisiko wa rilei za jirani unaihamisha ile chembe. Fundi anapofika na mita yake, kila kitu ni kizima. Wahandisi wa simu, ambao mitambo yao ilijaa rilei, walikuwa wamepambana na jambo hili kwa miongo kadhaa na walikuwa na dawa: kila springi ilipasuliwa nchani ikawa na vidole viwili, kila kidole na ncha yake. Vumbi likizuia kimoja, cha pili kinapitisha. Kama ncha moja hukosa kugusa mara 1 katika 10,000, na makosa ya ncha hizo mbili hayahusiani, zote mbili kukosa kwa pamoja ni mara 1 katika 100,000,000. Nyongeza ya senti chache za madini inaleta tofauti ya namna hiyo. Usafi nao ulikuwa na taratibu zake: hupigi msasa, kwa kuwa msasa unakwangua madini ya ncha na kuacha mikwaruzo inayokamata vumbi zaidi, unapitisha utepe mwembamba wa chuma kati ya ncha zilizofungwa na kuuvuta taratibu.

Tatizo la pili ni cheche. Ukikata umeme wa koili ghafla, sumaku inayokufa inazalisha volteji kubwa kuliko ile iliyoiwasha, na cheche inaruka penye ncha zinazoachana. Zikirukaruka kwa miezi, ncha zinachimbika. Wakati mwingine zinaungana kabisa. Konrad Zuse, mhandisi Mjerumani ambaye kompyuta yake ya Z3 ya Berlin ilianza kazi Mei 1941 ikiwa na rilei karibu 2,600, alipata suluhisho ambalo bado linapendeza ukilitazama. Alizungusha ngoma yenye vipande vya chuma na brashi za kaboni, na ngoma hiyo ndiyo iliyotoa mapigo ya umeme kwa mashine nzima. Rilei zilifungua na kufunga wakati hakuna umeme unaopita kwenye ncha zake. Pigo likaja baadaye, likakatwa kwenye brashi. Cheche zote zikahamia mahali pamoja ambapo fundi aliweza kufika na kusafisha.

Ila ubora mkubwa wa Model V haukuwa kwenye chuma. Ulikuwa kwenye namna ilivyoandika tarakimu. Kila tarakimu ilipewa rilei saba: mbili za kundi la kwanza, zikimaanisha 0 na 5, na tano za kundi la pili, zikimaanisha 0 hadi 4. Kuandika 7, unavuta ile ya 5 na ile ya 2. Sharti ni moja: katika kila kundi lazima rilei moja tu iwe imevutwa. Koili ikikatika, kundi linabaki tupu; ulimi ukinata kwenye kiini, kundi linakuwa na mbili. Kwa vyovyote vile sharti linavunjika, na mashine inasimama papo hapo, sehemu yenye hitilafu ikiwa bado kwenye hali yake. Fundi anaikuta ilivyo.

Hapo ndipo hesabu ya mara 1,500 inapoanza kupungua uzito. Mashine inayosimama ikikosea unaweza kuiachia kazi jioni ukaenda kulala. Model V ilisoma kazi kwenye kanda za karatasi zilizotobolewa, na kazi moja ikikwama wakati hakuna fundi, mashine ilihamia kazi nyingine iliyokuwa ikisubiri. Z4, mashine nyingine ya rilei ya Zuse, ilifanya kazi kwenye chuo cha ETH Zürich, Uswisi, kuanzia 1950 hadi 1955, pamoja na usiku bila mtu wa kuilinda, na hesabu za bwawa la Uswisi la Grande Dixence zilipita humo, huku kuzidisha kumoja kukichukua sekunde tatu hivi. Upande wa ENIAC, miaka ya mwanzo kubadili kazi kulimaanisha kuhamisha nyaya na kugeuza swichi, shughuli iliyoweza kula siku kadhaa, na valvu iliungua kila siku moja au mbili. Kwa kazi fupi zinazobadilikabadilika, kasi iliyomo ndani ya mashine inaliwa na maandalizi ya nje.

Wanaotetea valvu nao wana hoja nzito, na haifai kuizungukazunguka. ENIAC ilimaliza hesabu ya njia ya kombora kwa sekunde 30, kazi ambayo mtu mwenye mashine ya mezani aliifanya kwa saa 20 hivi. Mwaka 1948 ilibadilishwa ili iongozwe na maagizo yaliyowekwa kwenye meza zake za swichi, na ule usumbufu wa nyaya ukapungua sana. Mwaka 1950 ilitumiwa kutabiri hali ya hewa ya saa 24, na hesabu ilichukua kama saa 24. Kuzidisha kwake kulikuwa milisekunde 2.8, kwa Model V, sekunde moja. Hata ukitoa muda uliopotea kwenye kadi za kutobolewa na matengenezo, mashine ya rilei ingekuwa bado inahesabu kwa wiki nyingi hewa ya siku iliyokwisha kupita. Zipo kazi ambazo jibu la polepole si jibu.

Hata hivyo, naona kilichofunga hesabu ni kumbukumbu kuliko mwendo. Z3 ilihifadhi namba 64, kila moja ya biti 22. Zidisha: biti 1,408, na kila biti ilitaka rilei yake, yenye koili, springi na ncha za kusafishwa. Zaidi ya nusu ya rilei zote za mashine zilikuwa zimekaa tu zikikumbuka. Linganisha na mashine ndogo ya Manchester iliyoendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948. Maneno yake 32 ya biti 32 kila moja, yaani biti 1,024, yalikaa kwenye uso wa kioo cha bomba moja la picha, kama lile la televisheni ya zamani. Bomba moja kwa rilei elfu. Programu nayo ilipoanza kuwekwa kwenye kumbukumbu pamoja na data, hapo rilei hazikuwa na pa kukimbilia, hata kama zingeongezewa kasi mara mia. Wajapani walijaribu kuusogeza mpaka huo: mashine yao ya ETL Mark II ya mwaka 1955 ilikuwa na rilei 22,253. FACOM 128B ya Fujitsu, ya miaka michache baadaye, bado inatunzwa Numazu, Japani, ikifanya kazi, ushahidi tosha kwamba uimara haukuwa tatizo.

Kinachosahaulika kabisa ni deni la waliofuata. Richard Hamming, mwanahisabati wa Bell Labs, alikuwa akiiachia Model V kazi zake wikendi. Mashine ikigundua kosa, na hakuna fundi wa kuirekebisha, iliitupa kazi yake na kuhamia nyingine. Jumatatu akakuta hakuna jibu. Ilipotokea wikendi mbili mfululizo, akajiuliza: kama mashine inaweza kujua kuwa kuna kosa, kwa nini isijue lilipo na kulirekebisha yenyewe? Jibu lake lilichapishwa mwaka 1950. Rilei saba za Model V zilibeba alama kumi na ziliweza kugundua kosa moja. Mfano maarufu wa msimbo wa Hamming una biti saba pia, nne za data na tatu za ukaguzi: unabeba alama 16, na kosa moja linapotokea ndani yake, hesabu za ukaguzi zinataja namba ya biti iliyoharibika. Kumbukumbu za seva za leo zinalindwa na misimbo ya ukoo huohuo.