Nilitoka mjini nikarudi jijini

Asubuhi ya 1 Desemba 2021 nilitoka mtaani Langa Langa nikaacha Nakuru ikiwa mji, jioni nikarudi nikaikuta jiji. Shimo la pale tunapopandia matatu lilikuwa palepale na maji yake. Kilichobadilika ni kwamba Rais Uhuru alikuwa ametukabidhi hati, maneno kwa karatasi na sahihi yake, watu wakapiga makofi, basi tukawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mwenye nyumba wangu hakukawia kulishika hilo neno jipya, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Kuna mwanafalsafa Mmarekani, John Searle, alikuwa akisema vitu kama pesa, ndoa na serikali vipo juu watu wamekubali kuvihesabu hivyo, na bila lugha havingekuwepo kabisa. Mwanzoni niliona anazungusha maneno tu, mpaka nikakumbuka ile noti ya elfu moja ya zamani. Juni 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba ikifika 1 Oktoba haitakuwa pesa tena. Mwezi wa kumi na moja shosho wa ploti yetu akafungua fundo la leso akatoa mbili, karatasi ile ile, Mzee Jomo yule yule, na dukani hazikununua hata robo ya sukari.

Sasa mimi naongeza yangu: kama maneno ndiyo yanajenga hizi vitu, basi swali ni maneno ya nani. Chama chetu cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu tuko watu kumi na wanne, tunaongea Kiswahili mwanzo wa kikao mpaka chai, lakini katiba yetu ni ya Kizungu, jamaa wa saiba alitutolea ya kikundi kingine akabadilisha jina juu. Ilisema ukikosa vikao viwili bila apoloji unapoteza zamu yako ya kupokea. Mama mmoja akafiwa, akakosa viwili, na kila mtu alijua yuko matanga. Aliporudi katibu akafungua daftari akamuuliza, "Uliomba msamaha?" Mama akashangaa. "Niombe msamaha kwani nimekosea nani? Nilikuwa nazika." Katibu akaandika: hakuomba. Zamu ikaenda kwa mwingine, hivyo tu, na sisi wote tumekaa hapo tumeshika vikombe.

Yaani neno lililokuwa linatafutwa ni udhuru. Udhuru alikuwa nao, tena tuliuchangia! Lakini mwenye kutafsiri alisema msamaha, na kwa kuwa ni yeye peke yake anaisoma hiyo katiba vizuri, neno lake likawa sheria. Simlaumu sana, hakuwa mwizi, ila watu huogopa trezara mwenye pesa wakasahau katibu mwenye maneno.

Tulikaa Jumapili tatu kuiandika upya kwa Kiswahili chetu, na mama alipokea raundi iliyofuata. Kikao cha juzi tulikwama kwa neno "kuchelewa", wengine wanasema ni dakika tano, wa kutoka Free Area wanasema matatu isihesabiwe, na mpaka chai inapoa hatukuwa tumekubaliana, kwa hivyo faini ya hamsini ya kuchelewa kwa sasa imesimamishwa.