Nyumba ya Urithi Lamu: Ikatwe Wapi?

Matanga yakisha Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, huja hesabu ya mafungu ya mirathi ya Kiislamu. Mjane ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kwenye karatasi kila kitu hukaa sawa. Lakini mali yenyewe mara nyingi ni nyumba moja kuukuu ya mawe, katika mji uliotangazwa eneo la turathi na serikali ya Kenya mwaka 1986 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hapo ndipo familia huanza kuomba ruhusa maalumu ya kuigawa ploti, ili kila mrithi apate hati yake.

Ruhusa hiyo hupitia milango miwili. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, kugawa ploti kunahitaji idhini ya kaunti. Na kwa kuwa nyumba imo katika eneo linalolindwa, Makumbusho ya Taifa ya Kenya nayo lazima iridhie kabla ukuta haujaguswa. Warithi wengi huona huu ni usumbufu mtupu. Mimi naona maofisa wanaokataa wana sababu nzito, nayo huonekana ukiingia ndani.

Nyumba ya mawe ya Lamu ina madirisha machache sana ya nje. Unapita daka, yaani ukumbi wa mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, unatokea kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, na mwanga karibu wote huingilia hapo. Nyuma yake vyumba hufuatana, misana miwili (kumbi za mbele) kisha chumba cha nyuma kiitwacho ndani, virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ukipitisha ukuta katikati ya kiwanda, umevizima vyumba vyote vya nyuma. Niliwahi kuingia nyumba iliyokatwa hivyo. Ilikuwa saa sita ya mchana, na mama mwenye nyumba aliwasha taa ili anionyeshe zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopambwa kwa chokaa. Upande wa pili, ndugu yake alikuwa amejenga choo kikiegemea ukuta uleule. Chokaa ya zidaka ilikuwa imevimba. Mama aliigusa kwa kidole ikamwagika kama unga. Saruji iliyopakwa juu ya matumbawe huziba unyevu, nao hutafuta njia kwa jirani.

Kwa hivyo maofisa wakatae maombi yote? Hapana. Kukataa nako kuna gharama, ila hiyo haiandikwi kwenye faili. Ndugu sita wana nyumba moja isiyogawika, na hakuna mmoja mwenye uwezo wa kununua mafungu ya wenzake watano. Wakishindwa kuelewana, paa huanguka na nyumba huwa gofu. Wakielewana, huuza. Mnunuzi akitoka mbali huenda akaitengeneza vizuri, kwa chokaa na boriti kama inavyopaswa, kisha akakaa majuma machache kwa mwaka. Zidaka zimesalimika, lakini wenyewe wamehamia kwingine. Na Lamu ilipewa heshima yake kwa sababu watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Hili linaniuma kuliko ukuta wowote wa bloku.

Wazee wa mji huu walijua kugawa. Binti akiolewa, baba alimwongezea nyumba juu ya nyumba, au akavusha wikio, yaani chumba kama daraja, juu ya kichochoro hadi ng'ambo ya pili. Mji uligawanywa kwa kimo, na kiwanda kikabaki kitoe mwanga kwa wote. Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu jambo lililo karibu na hilo: kila ghorofa hati yake, ardhi ikibaki moja, na ua, ngazi na paa vikiwa vya shirika, yaani vya wote pamoja. Ombi la namna hiyo ningelikubali. Ombi la ukuta kiwandani ningelikataa, hata likiletwa na mwenye shida ya kweli.

Najua linapokwama. Nyumba isiyo na ghorofa haigawiki hivyo. Huko hakuna njia ila mmoja awanunue wenzake kidogo kidogo, au wapangishe na kugawana kodi. Na mali ya shirika inataka ndugu wanaosemezana, jambo ambalo mirathi mara nyingi imekwisha kuliharibu. Paa ndilo linalotisha zaidi. Wa juu hulihesabu lake anapotaka kuongeza chumba, na la wote linapovuja, huku maji ya masika yakishuka ukutani hadi kwa dada yake aliye chini. Kwa hiyo kabla ya muhuri kupigwa, ningetaka kuona karatasi moja iliyotiwa saini na warithi wote: boriti ya paa ikioza, nani ataibadilisha, na kwa fedha za nani.